Gundi Isiyonuka

Jumatatu moja ya mwezi wa Februari, mwaka 1986, Fundi Shee wa Likoni alipoteza kunusa. Pua yenyewe ilibaki mahali pake, kubwa na ya heshima kama ilivyokuwa, na miwani iliendelea kukaa juu yake. Kilichoondoka ni kazi yake.

Aliyegundua si yeye, ni mkewe, Bi Zuhura. Siku hiyo aliinjika wali wa nazi, akatoka mara moja kwenda kumpa pole jirani aliyefiwa, na huko maneno yakawa marefu. Aliporudi, harufu ya kuungua ilimpokea njiani, nyumba ya tatu kutoka kwake. Akaingia mbio. Bwana yumo barazani, hatua nne kutoka jikoni, anasoma gazeti kwa raha zake. Bi Zuhura akaenda jikoni. Aliupakua ule wali vile vile, na ukoko wake mweusi, akamwekea, akakaa kumtazama. Fundi akala. Baada ya matonge matatu akasema una uchungu kidogo, labda nazi ilikuwa imechacha.

Bi Zuhura akajifunika uso kwa leso. Aliniambia baadaye kwamba alikuwa akicheka na kulia, na mwenyewe hakujua kipi kilitangulia.

Mimi naitwa Katana, na Fundi Shee ndiye aliyenifundisha kutandika sakafu kwa vigae vya plastiki. Nayaandika haya kwa ajili yenu vijana mnaoifanya kazi hii leo, kwa sababu mmoja wenu kule Mjambere aliniuliza kwa nini kila kopo la gundi naligeuza na kusoma herufi ndogo za nyuma, na macho yenyewe ndiyo haya ya uzee. Shule yangu iliishia darasa la saba, Kisauni, kwa hiyo msitarajie maneno makubwa. Nitasema nilichokiona. Kama ni gundi iliyomwondolea Fundi kunusa, mimi siwezi kuapa. Daktari aliyempima hakusema ndiyo, hakusema siyo. Alimwuliza tu kazi yake ni nini, na alipojibiwa akaandika kwa muda mrefu.

Fundi ametangulia. Alikufa mzee, kitandani kwake, watoto wake wakiwepo, kwa hiyo sina la kulalamika. Namkumbuka zaidi asubuhi, ninapofungua kopo.

Sasa mjue tulivyokuwa tukifanya kazi, maana mkisikia mtadhani natia chumvi. Tulikuwa na gundi nyeusi ya lami, na gundi ya njano iliyonuka kama petroli iliyochanganywa na ndizi mbivu. Ile ya njano ndiyo tuliyoipenda. Ilishika haraka, haikujali kitu. Lakini upepo wa huku pwani ulikuwa ukiikausha juu kabla haijakauka chini, basi tukafanya nini? Tulifunga madirisha. Yote. Tukaziba na sehemu ya chini ya mlango kwa gunia, tukapiga magoti humo ndani watu wanne, na jua la saa sita liko juu ya bati.

Baada ya saa moja mambo yalikuwa mazuri sana. Kila mtu alikuwa mcheshi. Kulikuwa na mwenzetu mmoja mtu wa Changamwe, mkimya kiasi cha kumsahau kama yupo, lakini ndani ya gundi aliimba nyimbo za harusi, za upande wa bibi harusi. Mimi mwenyewe nilishawahi kuomba radhi kwa ndoo niliyoipiga teke. Jioni kichwa kilikuwa kikigonga kama kinu, na chakula hakina ladha. Dawa yetu ilikuwa maziwa. Kila fundi alikuwa na pakiti yake, na tuliamini kabisa kwamba maziwa yanaiteremsha gundi tumboni na kuitoa. Sijui nani alituambia hivyo. Tuliyanywa maziwa hayo miaka kumi bila kujiuliza yanapita wapi kuifikia hewa iliyo mapafuni.

Kosa langu kubwa la mwanzo halikuwa la gundi, lilikuwa la haraka. Fundi alinipa nyumba ya Kiembeni, ya karani mstaafu wa forodha, mtu mpole, nitandike sebule peke yangu. Aliniagiza nijaribu saruji kwanza. Jaribio lenyewe mnalijua: unachukua kipande cha nailoni, unakibandika sakafuni pande zote nne, unakiacha mpaka kesho yake. Ukikuta jasho chini ya nailoni, saruji bado ina maji, na gundi haitashika. Mimi niliitazama ile saruji, nikaiona nyeupe, nikaipapasa, nikaiona kavu. Nikatandika.

Wiki ya pili yule karani alikuja mwenyewe mpaka kwa Fundi. Hakugomba. Alituomba tu twende, na tulipofika akavua viatu, akatembea kutoka mlangoni hadi dirishani, polepole, vigae vikibonyea na kuinuka chini ya nyayo zake.

"Fundi," akasema, "kila asubuhi nakanyaga mahamri."

Fundi Shee alicheka mpaka akaketi chini. Halafu alininyooshea patasi bila kunitazama, na ile sebule nikaing'oa kigae kwa kigae. Tangu siku hiyo, nikiwa na haraka, hukumbuka miguu ya yule mzee.

Lakini nilikuwa nasema habari ya pua. Mfahamu kwamba fundi wa gundi ya njano alihitaji pua kuliko macho. Ukishaipaka, unangoja mvuke utoke, na ukibandika mapema kigae kitateleza, ukichelewa hakitashika. Kidole husaidia, lakini huwezi kugusa ukumbi mzima. Fundi Shee alikuwa akisimama mlangoni, anavuta hewa mara mbili, anasema kona ile bado, hii tayari. Hakukosea. Wakandarasi walimwita kwa ajili hiyo. Sasa pua imekwenda, na mtu ana watoto watano na kazi moja tu anayoijua.

Hakuniambia mara moja. Kwa wiki kadhaa nilimwona akisimama mlangoni kama kawaida, anavuta hewa, kisha anashuka kugusa kwa kidole, kona baada ya kona, na jasho linamtoka. Siku moja tulikuwa wawili tu katika ofisi moja ya mizigo, akafunga mlango.

"Katana mwanangu, una siri?"

Nikamwambia ninazo, ila si nyingi.

"Basi ongeza hii," akasema, na akanieleza, wali na yote.

Tukapatana hivi. Yeye atasimama mlangoni kama siku zote. Mimi nitapita nyuma yake nimebeba kitu, mwiko au ndoo, na nitasema neno moja kwa sauti ya chini. Bado. Au tayari. Au hakuna, maana yake harufu imekwisha kabisa. Kisha yeye atalitangaza kwa sauti yake. Miaka kumi tulikwenda hivyo, na hakuna aliyejua isipokuwa Bi Zuhura. Nilimpa pua yangu, naye akanipa vyote vingine: kuweka mstari wa katikati, kukata kigae cha ukutani bila kupima mara mbili, kushika mwiko wa meno kwa mlalo mmoja ili gundi isiwe nene huku na nyembamba kule. Miaka hiyo yote sikuwahi kumwambia uongo katika hilo. Hata mara moja. Nasema hivyo kwa sababu nitakayoieleza.

Mwaka wa tisini na sita tulipata kazi njia ya Port Reitz, zahanati ya watoto wenye pumu. Jina lake nitaliacha. Ilikuwa ikijengwa kwa fedha za wafadhili wa ng'ambo, na hao walikuwa na kitabu. Kila kitu cha humo ndani, rangi, mbao, gundi, kilikuwa na kiasi cha mvuke kilichoruhusiwa kutoa, na kisizidi. Madirisha yalikuwa makubwa, yamewekwa kufuata upepo, ili nyumba ijipoze yenyewe bila mashine. Kazi hiyo ilikuwa ikisimamiwa na Injinia Mwikali, mwanamke wa Machakos, mwembamba, mwepesi wa miguu, Kiswahili chake kimenyooka kama rula. Siku ya kwanza alimsalimia Fundi, "Habari yako, mzee?" Fundi akamtazama kwa huruma, akamfundisha shikamoo pale pale. Alijifunza haraka. Kuanzia kesho yake alimpa shikamoo kila asubuhi, kwa sauti ya kijeshi, na Fundi alikuwa akiijibu marahaba huku akijizuia kucheka.

Injinia akatuita sote, akapiga marufuku gundi ya njano. Watu wakanung'unika. Akaleta sahani mbili ndogo na mizani ya dukani. Sahani moja akatia gundi yetu, nyingine gundi mpya, nyeupe, isiyonuka kitu. Akazipima, akaziweka dirishani, akatuambia tukutane kesho. Kesho yake akazipima tena mbele yetu. Ile ya njano ilikuwa imepungua sana.

"Iliyopungua imeenda wapi?" akauliza.

Mtu mmoja akasema hewani.

"Na hiyo hewa aliivuta nani?"

Yule mwenzetu mwimbaji alitazama kofia yake. Lakini Fundi Shee, ambaye hakupenda kushindwa na mtu ambaye yeye alimzidi umri mara mbili, aliinama akaitazama mizani.

"Injinia, na hiyo nyeupe nayo imepungua. Mbona hiyo haina kesi?"

Nilidhani amemkamata. Injinia akafurahi kweli kweli, akasema hilo ndilo swali alilokuwa akilingoja. Akatueleza kwamba iliyotoka katika ile nyeupe karibu yote ni maji tu, kama nguo inavyokauka kambani, na kwamba maabara huyatenga maji, kisha huhesabu kile kingine, mvuke wa kemikali, peke yake. Namba inayoandikwa kwenye kopo ni ya hicho kingine, gramu ngapi ndani ya kila lita. Ndiyo hiyo ninayoisoma mimi nyuma ya kopo, kijana wangu wa Mjambere. Ila jihadharini, akasema, kuna makopo yanajisifu mbele kwa herufi kubwa na nyuma hayana namba. Hayo msinunue. Mpaka leo sinunui.

Basi tukaanza na gundi nyeupe, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi pua yangu ikawa haina kazi. Nilisimama nyuma ya Fundi nimebeba ndoo yangu, nikavuta hewa, sikupata kitu. Nikamnong'oneza hivyo. Aligeuka, uso wote umefunguka.

"Kumbe leo tuko sawa," akasema.

Alikuwa kama mtu aliyerudishiwa ujana. Alipiga magoti, akaisoma ile gundi kwa macho na kidole siku nzima. Akagundua kwamba inaanza nyeupe kama tui, na ikiwa tayari inageuka kama maji ya dafu, unaona saruji chini yake. Ukiigusa kwa mgongo wa kidole, ikikufuata kidoleni, ngoja. Ikikuvuta halafu ikakuachia kidole kisafi, bandika. Chumba cha kwanza na cha pili vilitoka vizuri mno. Tulifanya kazi madirisha yakiwa wazi, upepo unapita, na jioni tulikwenda nyumbani na vichwa vyetu.

Kanuni ilikuwa hii: chumba kikimalizika, fundi mkuu anaingia, anakagua, anajaza karatasi. Gundi gani imetumika, na je, kuna harufu yoyote. Anatia sahihi. Kisha chumba kinafungwa siku tatu, na Injinia anakuja na pampu yake ndogo ya mkono na kichupa chembamba cha kioo chenye unga mweupe ndani. Anavuta hewa ya chumba ipite kwenye kichupa. Unga ukibaki mweupe, chumba kimepita. Ukigeuka kahawia, kuna mvuke. Vyumba vilikuwa sita, na Injinia hakuruhusu cha nne kianzwe kabla vitatu vya kwanza havijapita. Fundi aliniambia kwamba hii ndiyo kazi yake kubwa ya mwisho, na kwamba anataka kuondoka kazini kwa mlango wa mbele.

Chumba cha tatu nilikifanya mimi. Ilikuwa masika, mvua inanyesha na kuacha, na hewa nzito kama nguo mbichi. Gundi nyeupe ilikataa kukauka. Nilingoja asubuhi nzima, ikawa bado tui. Mkandarasi, bwana mmoja mnene aliyekuwa na ugomvi na kalenda, alipita mara tatu kuniuliza kama nasubiri kuolewa. Katikati ya chumba vigae vilishika, lakini pembeni, ukutani, vilikuwa vinainuka.

Ndani ya mfuko wangu, chini ya taulo, nilikuwa na nusu kopo ya gundi ya njano. Nilikuja nayo kwa mazoea tu, kama mtu anavyobeba mwavuli. Niliipaka pembeni, mkanda wa upana wa kiganja, kuta zote nne. Vigae vikashika hapo hapo. Niliacha madirisha wazi siku mbili nikaamini mvuke wote umetoka. Hilo nalo mlijue: hautoki. Kigae cha plastiki kinaufunika, nao unapenya kidogo kidogo kwenye maungio kwa wiki nyingi. Harufu ikipungua puani, mvuke haujaisha.

Fundi alipokuja kukagua, nilikuwa nyuma yake kama kawaida. Alisimama mlangoni na karatasi yake. Harufu ilikuwepo. Ndogo, lakini ilikuwepo, ile ya ndizi.

"Katana, niambie."

Nikamwambia, "Hakuna, Fundi."

Akaandika hakuna, akatia sahihi kwa mwandiko wake mzuri wa madrasa.

Siku ya tatu tulisimama pale wanne, Injinia, mkandarasi, Fundi na mimi. Injinia alifungua mlango, na kabla hajatoa pampu, alirudi nyuma hatua moja. Hata hivyo alipima. Ule unga uligeuka kahawia mbele ya macho yetu, rangi ikapanda mpaka karibu na juu ya kichupa. Mkandarasi akamgeukia Fundi. Alisema fundi mwenye miaka thelathini ndani ya gundi hawezi kuingia humu asinuse, kwa hiyo ama alilala, ama alihongwa, ama amewaona watu wote ni wajinga.

Injinia hakupandisha sauti. "Mzee, hii sahihi ni yako?"

"Ni yangu."

"Umeandika hakuna harufu. Mimi nimeisikia kutoka hapa mlangoni."

Fundi alinitazama. Mara moja tu, kisha akaitazama sakafu. Nikaelewa kwamba ameshajua. Na nikaelewa kwamba hatasema, kwa sababu akinitaja mimi itabidi aseme na kwa nini alinitegemea. Angeondoka kwa jina la mwongo, katika kazi yake ya mwisho, ili mimi nibaki na langu.

"Injinia," nikasema, "gundi hiyo ni yangu. Niliipaka pembeni, yeye hakuwepo. Aliniuliza kama kuna harufu, nikamwambia hakuna. Nilimdanganya."

Mkandarasi alicheka. "Akuulize wewe? Yeye hana pua?"

Nilifungua mdomo, nikaufunga, maana siri ile haikuwa yangu. Ndipo Fundi Shee akavua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akairudisha.

"Sina," akasema. "Tangu mwaka wa themanini na sita sinusi kitu. Si gundi, si udi, si mtoto mchanga. Huyu ndiye aliyekuwa akininusia."

Mkandarasi aliacha kucheka. Kusema haki, alikuwa mtu wa kelele, si mtu mbaya. Alianza kusema kitu kuhusu wazee na kupumzika, Injinia akamnyamazisha kwa mkono. Alimwuliza Fundi maswali mengi, polepole, kazi gani, vyumba gani, madirisha yalikuwaje, na akayaandika yote katika daftari lake. Alipofika kwenye maziwa aliinua macho, akaona hatutanii, akaandika na hayo.

Hukumu yake ilikuwa fupi. Chumba cha tatu king'olewe chote, na anayekifanya upya ni mimi, bila malipo. Lile swali la harufu alilifuta kwenye karatasi kwa mstari mmoja, akasema kuanzia leo hakuna chumba kitakachopitishwa kwa pua ya mtu. Kuhusu Fundi, mkandarasi alitaka aende nyumbani. Injinia akasema hilo litategemea kichupa. Chumba kikipita, mzee anabaki. Kikikataa tena, wote wawili tunaondoka.

Siku mbili Fundi hakusema nami. Nilikuwa nikikwangua gundi ya njano kwa maji ya moto na patasi, barakoa usoni, naye alikaa mlangoni kwenye kiti akitazama. Salamu alinijibu, zaidi ya hapo hakuna. Heri angenitukana. Siku ya tatu nilikuwa nimefika kona ya mwisho, nimeinama, akaongea nyuma yangu.

"Ungeniambia iko, ningeandika iko."

Nikasema, "Najua, Fundi."

"Tungeng'oa siku ile ile, tukacheka."

"Najua."

Akaonyesha kwa kidole. "Hapo umeacha doa. Kwangua."

Nikakwangua. Baada ya hapo alinyanyuka kwenye kiti, akapiga magoti karibu nami, akashika patasi ya pili. Nilimwomba avae barakoa. Akaniambia amechelewa kwa hilo miaka kumi, lakini akaivaa, na ndevu zake zikatoka pande zote mbili kama kuku aliyefungwa kwenye kikapu. Mimi nilicheka, na nilipocheka naye akacheka.

Tulisubiri saruji ikauke. Nailoni iliwekwa na Injinia mwenyewe, na aliifunua mwenyewe. Tukatandika upya kwa gundi nyeupe peke yake, bila haraka, pembeni tukiweka magunia ya mchanga yakandamize mpaka ishike. Yalitosha. Yangetosha na mwanzo, kama ningeuliza. Chumba kikafungwa.

Siku ya kupima, mkandarasi alikuja amevaa shati jipya, sijui kwa nini. Injinia alivuta pampu, sote tumesogea mpaka vichwa vinagongana. Alihesabu kwa sauti. Alipomaliza alikiinua kichupa kwenye mwanga wa dirisha, akakigeuza, akampa Fundi akishike mwenyewe. Unga ulikuwa mweupe. Fundi alikitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, akakirudisha, akauliza kama chumba cha nne kina ufunguo.

Tulianza cha nne saa hiyo hiyo. Nilipaka gundi upande wa dirisha, mlalo mmoja, meno ya mwiko yakichora mistari yake. Mvua ilikuwa imeacha. Watu wengine walikuwa uani wanakata vigae, na Injinia alikuwa kwenye korido akijaza karatasi zake. Fundi alisimama mlangoni, mikono nyuma.

"Tayari?" akaniuliza, kwa sauti ya kawaida, ya kusikiwa na kila mtu.

Niligusa kwa mgongo wa kidole. Ilinivuta, ikaniachia, lakini upande mmoja wa kidole kulikuwa na weupe kidogo, au labda ulikuwa mwanga tu.

"Sijui, Fundi," nikamwambia.

"Basi tungoje," akasema. Akalivuta sanduku la vigae karibu na ukuta, akaketi, akasogea ili nami nipate nafasi.

Nikaketi.